Mzigo wa Kuni na Lori la Magogo

Kila ifikapo tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, hotuba ni ileile. Mgeni rasmi huwasili, hukaribishwa kwa ngoma, hupanda mche mmoja mbele ya wapiga picha, kisha hushika kipaza sauti na kuwaambia wananchi kuwa wao ndio wanaoimaliza misitu. Husema wanakata miti ovyo kwa ajili ya kuni. Husema elimu bado haijawafikia. Akina mama walioketi chini, ambao wengi wao waliamka alfajiri siku hiyo wakakoka moto kwa kuni hizohizo ili mgeni apate chakula, hupiga makofi. Mimi nimehudhuria hafla hizo mara nyingi, na kwa miaka mingi nilipiga makofi pamoja nao. Leo nakiri kwamba nilikosea.

Nasema wazi tangu mwanzo ili msomaji asije akadhani nazungukazunguka. Mwanamke wa kijijini mwenye mzigo wa kuni kichwani siye aliyemaliza misitu ya bonde la Rufiji. Amesingiziwa. Na waliomsingizia, wengine kwa kujua na wengine kwa kufuata mkumbo, wamefanya hivyo kwa sababu yeye ni mtuhumiwa rahisi: hana wakili, hana leseni, hana simu ya mkubwa yeyote, na ushahidi wa kosa lake ameubeba kichwani mchana kweupe.

Sikuyajua haya kwa kusoma vitabu. Shangazi yangu, dada wa baba, aliishi ng'ambo ya kusini ya mto Rufiji. Baada ya kufiwa na mumewe alikuwa akiokota kuni katika mashamba ya zamani ya mikorosho na porini jirani, anazifunga mafungu, na mwanawe anazipeleka kwa baiskeli Ikwiriri kuwauzia mama ntilie. Siku moja mwaka 2005 walifuatana, na mimi nilikuwa nao kwa kuwa nilikuwa nimekwenda kuwajulia hali. Tukasimamishwa kwenye geti moja la ukaguzi wa mazao ya misitu, ambalo sitalitaja.

"Hati ya kusafirishia iko wapi, mama?" kijana wa geti aliuliza baada ya kutuamkia.

"Mwanangu, kuni nazo zina hati?"

"Kila zao la msitu lina hati yake, mama. Sheria ni sheria."

Tukiwa bado tumesimama pale, lori lililofunikwa turubai likafika kutoka kusini. Ncha za magogo zilikuwa zimechungulia nyuma, nyekundu kama nyama mbichi, na mtu yeyote wa kwetu angejua kuwa ni mninga. Dereva hakushuka. Alinyoosha mkono dirishani akiwa na karatasi, kijana akaziangalia, kamba ikashushwa, lori likapita.

"Na hilo je, baba?" shangazi akauliza.

"Hilo lina karatasi zake, mama."

Baiskeli ilizuiwa mpaka faini ilipwe. Faini ilizidi thamani ya baiskeli yenyewe, kwa hiyo haikulipwa, na baiskeli haikurudi. Ilikuwa baiskeli pekee katika nyumba ile. Kijana alirudi nyumbani kwa miguu, na biashara ya shangazi ikafia pale getini.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikisimulia kisa hiki kama kisa cha rushwa. Siku hizi sioni hivyo. Huenda kweli lori lile lilikuwa na karatasi zote zinazotakiwa, zenye mihuri yote. Hapo ndipo penye ubaya wenyewe. Katika nchi yetu karatasi humfuata mwenye fedha, na sheria inayouliza karatasi tu, isiulize msitu umebaki vipi, itampitisha mwenye lori na kumkamata mwenye baiskeli kila siku ya Mungu, hata kama kila mtumishi pale getini ni mwaminifu.

Turudi kwenye hotuba. Kosa la kwanza lililomo humo ni la lugha. Tuna usemi mmoja, "ukataji miti ovyo", na ndani ya usemi huo tumetumbukiza mambo matatu yasiyofanana: kuni za kijijini, mkaa wa mjini, na biashara ya mbao na magogo. Ni sawasawa na kuwaita kwa jina moja mwenye kuokota embe lililoanguka, mwenye kukata tawi, na mwenye kung'oa mwembe.

Kuni za kupikia kijijini, kwa sehemu kubwa, ni matawi makavu, vijiti, mabaki ya shamba lililofyekwa, na matawi ya mikorosho na miembe iliyopogolewa. Mwanamke hana shoka la kuangusha mkongo, wala hana haja nalo. Kuni mbichi haziwaki. Zinafuka moshi na kumtoa machozi. Anachotaka ni kuni kavu, nyepesi kubeba, na karibu na nyumbani. Kama unataka kujua nani hasa anatamani msitu uliosimama karibu na kijiji, muulize yeye, kwa maana kila msitu unaporudi nyuma kilometa moja, ni yeye anayeongezewa kilometa mbili za kutembea, kwenda na kurudi, huku mtoto yuko mgongoni.

Mkaa ni jambo jingine. Mkaa hauchomwi kwa vijiti. Miti mibichi, minene, huangushwa na kupangwa katika tanuri la udongo, na katika tanuri zetu za kienyeji zinaweza kwenda kilo 7 hadi 10 za kuni kupata kilo 1 ya mkaa. Na mkaa huo mchomaji hapiki nao. Unakwenda mjini. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa Tanzania ilikuwa inatumia karibu tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, na kwamba nusu yake hivi iliishia Dar es Salaam peke yake. Biashara hiyo ilikadiriwa kuwa ya dola za Marekani milioni 650 kwa mwaka. Fedha hizo hazionekani katika nyumba za wachomaji. Zimekwenda kwa wenye malori, wenye maghala na wenye kujua njia za usiku.

Na mbao ni jambo la tatu. Mninga hufikia unene wa kupasuliwa baada ya miaka 80 hadi 100 hivi. Mpingo nao ni mzito wa kukua vivyo hivyo. Anayeangusha mninga leo anavuna mti uliochipua kabla babu yake hajaoa. Huyu hahitaji hotuba ya kupanda miche, kwa sababu mche anaoupanda leo hatauvuna yeye, wala mwanawe.

Sasa tuliangalie bonde lenyewe. Bonde la mto Rufiji linachukua karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Kilombero na Luwegu hukutana kuufanya mto Rufiji, na Ruaha Mkuu huja kujiunga nao kabla haujapenya korongo na kushuka nchi tambarare hadi kwenye delta. Huko juu kuna milima ya Udzungwa na mashamba ya misonobari ya Mufindi. Katikati kuna mapori ya miombo. Na chini, mahali mto unapokutana na bahari, kuna mikoko ya hekta zipatazo 53,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote ulio mahali pamoja katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Watu wamepika katika bonde hili tangu zamani sana. Watu wa delta wamepika kwa mkandaa, ambao moto wake ni mkali na hauchoshi, kwa karne nyingi. Katika karne hizohizo majahazi yalikuja kuchukua pau, mazio, boriti na nguzo za mikoko na kuzipeleka Unguja na Arabuni, hata vyumba vya nyumba za mawe vikawa na upana unaolingana na urefu wa boriti. Mwaka 1898 Wajerumani waliitangaza mikoko ya delta kuwa msitu wa hifadhi. Tangu siku hiyo mwenyeji anayekata fito za nyumba yake akawa mtu wa kuombewa kibali, na mwenye kuuza nje akawa mtu wa kuandikiwa risiti. Bendera zimebadilika, lakini mpangilio huo haukubadilika sana.

Mafiga yamewaka miaka yote hiyo na misitu ilikuwepo. Basi ni nini kilichotokea katika kizazi chetu?

Nitakitaja kimoja. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Mimi ni mmoja wa waliolishangilia, na bado nalishangilia, kwa sababu nilikwishalala mara nyingi kando ya mto nikisubiri kivuko. Lakini barabara haichagui abiria. Kusini yote iliyokuwa imefungwa na mto na matope ikafunguka, na waliowahi kufika hawakuwa walimu wala waganga. Walikuwa wanunuzi wa magogo. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, lilitoa ripoti juu ya fukuto hilo la magogo la kusini mwa Tanzania. Ilieleza kwamba mapato ambayo serikali kuu na halmashauri zilistahili kuyapata yalipotea kwa kiwango kilichofikia asilimia 96 mahali pengine, na kwamba hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 58 kwa mwaka. Ilionyesha pia kuwa shehena ya magogo na mbao iliyoandikwa kuingia China kutoka Tanzania ilikuwa mara 10 ya ile iliyoandikwa hapa kwetu kuwa imetoka. Na mwanakijiji aliyeonyesha mti ulipo, akaukata na kuusukuma hadi barabarani, alipata kama sehemu moja ya mia ya bei ya gogo hilo bandarini.

Msomaji, tafadhali rudia kuisoma sentensi hiyo ya mwisho. Sehemu moja ya mia. Halafu mtu yuleyule anaambiwa kuwa umaskini wake unatokana na kutopenda mazingira.

Serikali haikukaa kimya kabisa. Katika miaka ile ya katikati ya 2000 marufuku zilitolewa kwa nyakati tofauti. Lakini marufuku ya magogo ina tabia yake. Inatangazwa, wenye shehena wanaomba muda wa kumalizia walichokwisha kata, wanapewa, na katika muda huo wanakata zaidi. Magogo yana vigogo wake. Kuni hazina.

Najua nitakayojibiwa, na sitaki kuikimbia hoja ya mpinzani wangu. Ataniambia: wewe unalia kuhusu magogo, lakini hesabu zinakukataa. Tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu iliyotolewa mwaka 2015 ilionyesha kuwa nchi inahitaji meta za ujazo milioni 62.3 za miti kwa mwaka, wakati kinachoweza kuvunwa kihalali bila kumaliza msitu ni milioni 42.8. Upungufu ni milioni 19.5. Na sehemu kubwa ya mahitaji hayo ni kuni na mkaa, wala si mbao.

Hesabu hizo nazikubali. Ninachokataa ni tafsiri yake. Kwanza, kuni na mkaa zimejumlishwa tena katika gunia moja, na tayari nimeeleza kwa nini haifai. Pili, meta moja ya ujazo ya matawi makavu si sawa na meta moja ya ujazo ya mninga wa miaka 90. Tawi likianguka, mti umebaki. Hata miti mingi ya miombo, kama mtondoro, ikikatwa na kisiki kikaachwa bila kung'olewa wala kuchomwa moto, huchipua tena. Kinachokizuia kisichipue ni jembe na moto, yaani shamba jipya, na hilo ndilo linalofyeka msitu moja kwa moja kuliko mafiga. Tatu, ukitaka kujua uharibifu unatokea wapi, usihesabu ujazo tu, tazama unaelekea wapi. Watafiti waliopima misitu inayoizunguka Dar es Salaam kati ya mwaka 1991 na 2005, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2010, waliona uharibifu ukienda kama mawimbi yanayotoka mjini. Wimbi la mbao za thamani lilitangulia mbele, likafuatwa na la mbao za thamani ya chini, na nyuma yake likaja la mkaa. Mawimbi hayo yalisogea kwa kasi iliyofikia kilometa 9 kwa mwaka, na katika miaka 14 yalikuwa yamesogea kilometa 120.

Kama jiko la mwanakijiji ndilo lingekuwa chanzo, tungeona madoa ya upara kuzunguka kila kijiji. Kinachoonekana ni upara mmoja mkubwa unaotoka mjini na kutembea kuelekea Rufiji. Nyayo hizo si za mwanamke mwenye mzigo wa kuni.

Sasa tazama jinsi tunavyowatendea hawa wawili, mtu wa mjini na mtu wa kijijini. Mwezi Januari 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa. Bei ikaruka Dar es Salaam, watu wakapiga kelele, magazeti yakaandika, na marufuku ile haikumaliza hata miezi. Katika wiki chache ikalegezwa. Sisemi ilikuwa kosa kuilegeza, maana watu walipaswa kula. Lakini nenda upande wa mashariki wa milima ya Udzungwa, katika vijiji vya bonde la Kilombero vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1992. Wanawake wa vijiji hivyo walikuwa wameruhusiwa kwa miaka mingi kuingia hifadhini siku zilizopangwa kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa. Sababu ilitolewa: kulinda viumbe adimu na vyanzo vya maji. Ni sababu nzito, na kima na mbega wa Udzungwa wana haki ya kuishi. Lakini nauliza: kilio cha wanawake wale kiliandikwa katika ukurasa wa mbele wa gazeti gani? Nani alikwenda na dharura bungeni? Jiji likikosa mkaa, sheria inapumua. Kijiji kikikosa kuni, kinaambiwa kipande miti na kingoje.

Jambo la tatu ni hili. Mwaka 2018 Wakala wa Huduma za Misitu ilitangaza zabuni ya kuuza miti zaidi ya milioni 2.6 iliyosimama katika eneo ambalo lingefunikwa na maji ya bwawa la kuzalisha umeme katika korongo la Rufiji. Ujenzi ulianza mwaka 2019, na mwaka 2025 mitambo yote 9 yenye uwezo wa megawati 2,115 ikawa imekamilika. Sitaki kuingia hapa katika mabishano kama bwawa lile lilipaswa kujengwa au la. Nchi bila umeme haiendi, na mwanangu anasoma kwa taa hiyo. Ninachosema ni jambo dogo tu. Dola ambayo kwa tangazo moja la gazetini inaweza kuweka sokoni miti milioni 2.6 ya bonde hili haina uso wa kumwambia mjane wa ng'ambo ya mto kwamba kosa ni mafungu yake ya kuni.

Tena umeme huo haujafika jikoni. Balbu ikiwaka ukutani, chini yake mafiga yanawaka pia. Nyumba nyingi za vijijini zenye umeme hupika kwa kuni kama zamani, kwa sababu taa inahitaji fedha kidogo na jiko la umeme linahitaji fedha nyingi, na pia jiko lenyewe ni la kununua. Gesi nayo ni hivyohivyo. Mtungi mdogo wa kwanza mtu anaweza kupewa na mbunge mbele ya kamera. Mtungi wa pili anaununua mwenyewe, kwa fedha taslimu, siku moja, wakati kuni anazipata kwa nguvu za mwili na mkaa anaununua kwa kopo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Naunga mkono kwa mikono miwili. Moshi wa kuni si kitu cha kutetea. Umewaharibu macho na mapafu mama zetu wengi, na shangazi yangu alikohoa mpaka mwisho wa maisha yake. Lakini nishati safi ikija kama hukumu juu ya mwenye kuni badala ya kuja kama msaada kwake, itakuwa geti jingine tu la ukaguzi.

Nifanye nini basi, mimi ninayelaumu wengine? Kulaumu bila kutoa njia ni uvivu, kwa hiyo nitaitaja ninayoiona.

Njia yenyewe imekwisha kuandikwa katika sheria zetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuutungia sheria ndogo, kuulinda, kuuvuna kwa mpango na kubaki na mapato yake. Majirani zetu wa Kilwa walionyesha kuwa haya si maneno matupu: mwaka 2009 kijiji cha Kikole kilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa msitu, na kuanzia hapo mpingo wake ukauzwa kwa bei inayojulikana, kwa meta za ujazo zilizopimwa, na fedha zikaingia katika mfuko wa kijiji. Kilosa nako, kuanzia mwaka 2012, vijiji vilitenga sehemu ndogo ya msitu kwa ajili ya mkaa, wakakata vipande kwa zamu kama ubao wa drafti, na kuacha visiki vichipue kwa miaka 24 kabla ya kurudi. Mkaa uleule unaoitwa adui ukajenga madarasa.

Siri ya vijiji hivyo si elimu ya mazingira. Mwanakijiji wa Rufiji anajua miti kuliko mgeni rasmi. Anaijua kwa majina, kwa harufu ya ganda na kwa mlio wa shoka. Kilichobadilika kule ni kwamba mti uliosimama ulianza kuwa mali yake. Mti ambao leo usipoukata wewe, kesho mtu wa lori atakuja na karatasi kuukata, mtu mwenye akili timamu ataukata leo. Huo si ujinga. Ujinga ni kutegemea kwamba atafanya vinginevyo.

Kwa hiyo nasema: vijiji vyote vya bonde hili vyenye misitu visaidiwe kupima na kusajili misitu yao, na kazi hiyo ifanywe na serikali kwa fedha ya serikali, badala ya kungoja mfadhili aje na kuondoka. Kila gogo linalotoka lipimwe kijijini, mbele ya watu, na bei ya bandarini ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji ili muuzaji ajue anauza nini. Kuokota kuni kavu za kupikia kuwe haki isiyohitaji kibali. Kodi ya mkaa ikusanywe mjini, kwa walaji na wafanyabiashara wakubwa, na sehemu yake irudi kijijini kulikotoka miti. Na kabla ya kumnyang'anya mtu kuni, mwekee kwanza kitu kingine juu ya mafiga.

Haya hayahitaji wataalamu kutoka nje. Yanahitaji ujasiri wa kumsimamisha mwenye lori na kumuuliza maswali yaleyale aliyoulizwa shangazi.

Shangazi alifariki. Siku ya kumzika tulipika kwa kuni, kama desturi, masufuria makubwa kwa umati mkubwa, na wanawake wa jirani ndio waliozileta, kila mmoja na fungu lake kichwani. Jeneza letu la kuchukulia maiti lilikuwa la mbao za msonobari, nyepesi na mbaya. Fundi alituambia mninga siku hizi haupatikani, na ukipatikana, si kwa bei yetu. Katika wilaya iliyotoa mninga kwa malori, watu wake hawawezi kununua ubao mmoja wa kumpeleka mtu wao makaburini.

Tarehe 5 Juni itafika tena. Mgeni rasmi atapanda mche wake. Naomba, baada ya kunawa mikono, kabla hajashika kipaza sauti, awatazame wale akina mama waliokaa chini, kisha aangalie barabarani, ahesabu malori yanayopita hadi hotuba iishe. Halafu aseme ni nani anayemaliza msitu.